Atulie Kwanza, Maneno Baadaye

Mvua inaanza kugonga bati la darasa. Wanafunzi wanashangilia kwa sababu mwalimu hasikiki tena na kipindi cha hesabu kimeshakufa. Mmoja, wa dawati la tatu, anaacha kuandika. Macho yamemtoka, ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, na jirani yake anapomgusa bega anamsukuma hadi chini. "Wewe! Una nini wewe? Njoo hapa mbele!" Mtoto haendi, na wala hajibu. Siku hiyo anaandikwa kuwa ana kiburi.

Tuseme mtoto huyo anatoka Katesh, mkoani Manyara. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika makazi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Aliyenusurika akiwa na miaka saba hahitaji kuuona mlima ndipo aogope. Sauti ya mvua juu ya bati inamtosha. Wahenga walishasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wachunguzi wa ubongo wamekuja kutueleza mshtuko huo unaanzia wapi, na kwa nini kumkaripia aliyeshtuka kunamzidishia.

Makala hii ni ya mzazi, mlezi na mwalimu wa mtoto aliyepitia jambo zito: mafuriko, ajali, msiba, vipigo vya nyumbani, ukatili wa kingono, safari ya ukimbizi. Hoja yake ni moja. Mtoto aliyeshtuka hasikii maneno mpaka mwili wake utulie, na mwili wake hautulii kirahisi mpaka awe karibu na mtu mzima aliyetulia. Wengi wetu tunaanzia mwisho: tunahoji, tunafundisha, tunaadhibu, halafu tunashangaa somo haliingii.

Kinachotokea kichwani

Kila upande wa ubongo, kwa ndani, kuna kiungo chenye ukubwa wa lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake kubwa ni kupima hatari, na inaifanya haraka kuliko fikra. Joseph LeDoux, aliyefanya uchunguzi wake kwa panya huko New York, alionyesha kwamba sauti ya kutisha huifikia amigdala kwa njia ya mkato, kabla sehemu za juu za ubongo hazijamaliza kuitambua. Ndiyo maana mtu huruka kwanza, kisha ndipo ajue kwamba kilichomrusha ni kamba.

Amigdala ikishapiga mbiu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na muda mfupi baadaye kotisoli. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi. Wakati huohuo gamba la mbele la ubongo, lililo nyuma ya paji la uso, linapungukiwa nguvu. Hilo ndilo linalomwezesha mtu kusubiri zamu, kupima maneno, kukumbuka kanuni za darasa na kujibu swali la "kwa nini umefanya hivyo?" Kwa mtoto sehemu hiyo ni changa hata siku ya amani, kwani hukomaa mtu akiwa ameshaingia miaka ya ishirini. Siku ya hofu anapungukiwa hata na hicho kidogo alicho nacho.

Kuna pia hipokampasi, inayotunza kumbukumbu pamoja na mahali na wakati wake. Hofu ikizidi, kazi hiyo huvurugika. Mtoto anabaki na vipande: harufu ya tope, mlio wa breki, kishindo cha mlango ukipigwa teke. Vipande hivyo havina tarehe. Kimoja kikiguswa, mwili hauambiwi kwamba hayo ni ya mwaka juzi; unaona kama yanatokea sasa hivi.

Hapo mwili una njia chache za kuchagua: kupambana, kukimbia au kuganda. Anayepambana tunamwita mkorofi. Anayekimbia tunamwita mtoro. Anayeganda tunamwita mvivu, mjeuri au mzito wa kuelewa, na huyu ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa hamsumbui mtu.

Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliwaonyesha watoto picha za nyuso zinazobadilika taratibu. Waliokuwa wamepigwa sana nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakamilika. Mwaka 2011, Eamon McCrory na wenzake wa London walipima ubongo wa watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ukatili. Wakionyeshwa uso wenye hasira, amigdala zao ziliamka kwa nguvu, kwa namna iliyowahi kuonekana kwa wanajeshi waliotoka vitani. Watoto hao hawakuwa na ugonjwa wa akili. Ubongo wao ulikuwa umefaulu somo la nyumbani kwao, na sasa unalitumia mahali pasipohitaji, kwa mwalimu aliyekunja uso kwa sababu ya jua.

Anza na mwili

Mtoto anapolipuka au kuganda, kazi yako ya dakika tano za kwanza ni moja: kuuonyesha mwili wake kwamba hatari haipo. Mengine yote yasubiri.

Shuka chini hadi macho yako yalingane na yake au yawe chini kidogo. Kaa au chuchumaa kwa pembeni, usimzibe njia. Punguza sauti, na sema maneno machache yanayotaja mahali na wakati: "Ni mimi, mwalimu wako. Hiyo ni mvua. Tupo darasani. Niko hapa na wewe." Usimshike kwa nguvu isipokuwa anajiumiza au anamuumiza mwenzake, kwani kwa mtoto aliyewahi kukamatwa au kudhalilishwa, mkono wa ghafla ni hatari nyingine. Swali la "kwa nini" liweke kando. Akisukumwa alijibu, atatoa uongo au ukimya, kwa sababu sehemu ya ubongo inayopaswa kujibu imezidiwa.

Kisha mpe mwili kazi. Pumzi ndiyo rahisi kuliko zote, hasa ile ya kutoka: ukirefusha kutoa pumzi, neva iitwayo vagasi hupunguza mwendo wa moyo. Mtoto mdogo haelewi agizo la "pumua taratibu", lakini anaelewa kupuliza uji ili upoe. Mwambie akusanye viganja mithili ya bakuli na apulize polepole mara tano, nawe upulize naye. Anayekakamaa asukume ukuta kwa viganja vyote viwili. Anayetaka kukimbia apewe ndoo akachote maji, au madaftari ayapeleke ofisini. Aliyeganda anywe maji ya baridi, aguse dawati, ataje vitu vitatu anavyoviona.

Mwalimu mwenye wanafunzi 70 atauliza muda huo ataupata wapi. Jibu ni kwamba darasa zima linaweza kutulizwa kwa pamoja. Mvua ikianza, acha somo dakika tatu: makofi ya mdundo, upande huu wakipiga, upande ule wakijibu, kisha wimbo wanaoujua wote, kwa sauti inayoshuka kidogo kidogo. Bruce Perry, daktari wa akili wa watoto wa Marekani, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba mdundo unaojirudia hutuliza sehemu za chini za ubongo, zile zinazoendesha mapigo ya moyo na pumzi, kabla maneno hayajapata pa kupita. Kuruka kamba, kutwanga, kucheza ngoma na kupiga makofi hakuna gharama. Mtoto wa dawati la tatu anatulia bila kunyooshewa kidole, na wenzake wanarudi kwenye hesabu wakiwa wepesi zaidi.

Mtu mzima ndiye dawa

Mtoto hazaliwi akijua kujituliza. Anatulizwa mara elfu mgongoni, kifuani na kwenye kanga ya mama, hadi mwili wake ujifunze njia. Miaka ya 1970 Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na vichanga wao, kisha wakaushe uso kwa dakika mbili hivi bila kuitikia chochote. Vichanga walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakalia, mwishowe wakageuza uso pembeni wakiwa wamekata tamaa. Mama hakuondoka, hakupiga, hakugomba. Kukosa mwitikio wake tu kulitosha kumvuruga mtoto.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Romania. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya yatima mjini Bucharest. Nusu yao, kwa kupigiwa kura, walipelekwa kwa familia za kuwalea. Miaka ilipopita, waliopata familia walionekana kuendelea vizuri zaidi katika mambo mengi, kuanzia umeme wa ubongo hadi uwezo wa kuwategemea watu, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Tafsiri yake kwetu ni wazi: shangazi, bibi au mjomba aliyempokea mtoto baada ya msiba anaugusa ubongo wa mtoto huyo kila anapoitika akiitwa.

Kwa hiyo jiangalie kwanza. Mama aliyepoteza nyumba kwenye janga lilelile lililomshtua mtoto naye mwili wake uko macho. Kabla ya kumwendea mtoto, toa pumzi ndefu mara mbili, legeza mabega, shusha sauti. Ukiona huwezi, mkabidhi kwa mtu mwingine wa nyumbani kwa dakika chache: "Dada, hebu kaa naye, mimi nanawa uso." Hiyo si kumtelekeza.

Utakosea, na si mwisho wa dunia. Tronick huyohuyo alibaini kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hupishana muda mwingi. Kinachojenga ni kurudiana. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Jaribu kusema, "Niwie radhi mwanangu, nilipaza sauti. Nilikuwa nimechoka, haikuwa kosa lako." Heshima yako haipungui kwa hilo, na mtoto anajifunza kwamba ugomvi una mwisho.

Nyumbani, weka mambo yanayotabirika. Uji saa ileile, usingizi saa ileile, mtu yuleyule wa kumpokea akitoka shule. Ubongo ulioshtushwa hupumzika pale unapojua kitakachofuata. Ukisafiri, mwambie unakwenda wapi na utarudi siku gani, na urudi siku hiyo. Usiku ni mgumu zaidi: acha taa ndogo, lala naye chumba kimoja kwa muda, mzungumzie jambo jepesi kabla ya kulala.

Hapa kuna jambo moja la kuachwa kabisa. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani mara nyingi huanza tena baada ya mshtuko. Kubebeshwa godoro lake mbele ya majirani, kuzomewa kikojozi, kutishiwa kusemwa shuleni, kote huko kunaongeza hofu ileile inayomfanya akojoe. Badili shuka kimyakimya, mwamshe mara moja usiku, anika godoro uani. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo.

Maneno yana wakati wake

Akishatulia, na huenda ikawa jioni au kesho yake, ndipo tuzungumze. Anza kwa kutaja hisia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles walionyesha kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoiona usoni, amigdala yake hupunguza ukali huku sehemu ya gamba la mbele ikiamka. Walipimwa watu wazima, lakini kwa mtoto pia kuwa na jina la kinachomsumbua ni hatua. "Mvua ilipoanza naona uliogopa sana. Au ilikuwa hasira?" Mpe majina mengi ya kuchagua: woga, huzuni, aibu, uchungu, wivu, wasiwasi, dukuduku. Asiyetaka kusema achore, au aonyeshe kwa mkono hofu iko wapi, tumboni au kifuani.

Usimlazimishe kusimulia tukio, na usikubali mgeni yeyote amhoji mbele ya watu au kamera. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao kimoja cha kuwatapisha watu yaliyowapata mara tu baada ya janga. Upande wa pili, usimzibe mdomo. "Sahau hayo", "jikaze, mwanaume halii" na "mshukuru Mungu umepona" humfundisha kwamba anapaswa kubaki peke yake na picha zile.

Msiba nao usemwe kwa ukweli. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba baba amesafiri. Mtoto huyo atasikiliza kila basi linalosimama njia panda, na akiugundua ukweli atakuwa amepoteza watu wawili: baba, na aliyemdanganya. Sema kwa kifupi: "Baba amefariki. Mwili wake uliacha kufanya kazi, hatarudi. Si kwa sababu ya jambo lolote ulilofanya. Mimi niko, nitakulea." Kisha nyamaza, na ujibu atakachouliza, hata akiuliza mara kumi.

Kwa mtoto anayeendelea kusumbuliwa, yapo matibabu ya mazungumzo yanayofanya kazi, nayo hufuata mpangilio huohuo: kwanza afundishwe kutuliza mwili, kisha, kidogo kidogo, asimulie akiwa na mtu anayemwamini, mlezi naye akishirikishwa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 640 waliofiwa na mzazi, mjini na vijijini, huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Waliowahudumia hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na usimamizi. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata huduma hiyo walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao waliobaki na huduma za kawaida, na Bungoma tofauti hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Wajane wa mtaani na vijana waliomaliza sekondari wanaweza kujifunza kazi hii. Viongozi wa kata na wa dini wenye fedha za semina wazikumbuke takwimu hizo.

Na fimbo je?

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta takriban robo tatu ya vijana waliohojiwa waliwahi kupigwa ngumi, mateke au kuchapwa kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya imepiga marufuku viboko shuleni. Tanzania kanuni zinaviruhusu kwa masharti, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Nje ya mjadala wa sheria, swali la ubongo linabaki: fimbo inamfundisha nini mtoto ambaye tayari ameshtuka? Amigdala yake ilikuwa imekisia kwamba mahali hapa ni pa hatari. Maumivu yanaithibitishia kwamba ilikisia sawa. Atanyamaza, na sisi tutauita utii, kumbe ameganda.

Kuacha fimbo hakumaanishi kuacha mipaka. Mtoto aliyemsukuma mwenzake ana deni. Akishatulia, mwambie waziwazi: "Kuogopa si kosa. Kumsukuma mwenzako ni kosa." Kisha alipe: amwinue, amwombe radhi, amsaidie kuokota vitabu, na mpange pamoja atafanya nini mvua ijayo. Pengine akubaliane na mwalimu ishara ya mkono ya kuomba kutoka nje. Walimu wanaweza kujifunza njia hizi: Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo kutoka shule za sekondari za Tanzania, ambako mafunzo ya siku chache yaliwapunguzia walimu matumizi ya ukatili.

Wakati wa kutafuta msaada

Watoto wengi waliopitia janga moja hupata nafuu ndani ya wiki chache wakiwa na chakula, usingizi na watu wao. Usisubiri zaidi ikiwa mwezi umepita na ndoto mbaya, kushtuka au kukwepa watu havijapungua. Ikiwa haendi shule, hali chakula, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Ikiwa anajikata au anazungumzia kufa. Anzia kituo cha afya, au kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure.

Ikiwa ni ukatili wa kingono, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kumwogesha wala kufua nguo zake, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali. Usikubali suala hilo limalizwe kifamilia.

Dua na maombi yanayofanywa kwa upole, mtoto akiwa amekumbatiwa na watu wake, yanampa utulivu. Kufungwa kamba, kunyimwa chakula au kupigwa ili mapepo yatoke ni kiwewe kipya juu ya cha zamani. Vilevile huna haja ya kukopa fedha za kupiga picha ya ubongo. Kiwewe cha mtoto hakitambuliwi kwa picha hiyo, na anayekuuzia kwa sababu hiyo anafanya biashara.

Mwisho, jua namna ya kupima maendeleo, maana hapa ndipo walezi wengi hukata tamaa. Mvua ikirudi, atashtuka tena. Chukua daftari, andika tarehe, kilichomshtua na dakika alizotumia kutulia. Kama mwanzoni alihitaji saa nzima na wewe ukiwa pembeni, sasa anahitaji robo saa, na wiki iliyopita alikumbuka mwenyewe kupuliza viganja, basi ubongo wake unajifunza upya. Mpongeze kwa jambo hilohilo alilofanya, kwa kulitaja, na uendelee na ratiba ileile kesho.